Macho Nyuma ya Lori la Petroli

Hebu mwone fundi Tufail akija karakanani: ndara moja imechafuka kijani, nyingine nyekundu, brashi sikioni, na tausi wa leo keshamjaa kichwani. Hapa kwetu Jhelum, Pakistani, malori hupambwa kuliko bibi harusi, na mpambaji ni yeye.

Gulrez, mwenye malori ya petroli, alimletea lori jipya aliandike nyuma lile neno la Kiingereza, INFLAMMABLE; yaani mzigo huu hushika moto upesi, kaa mbali. Kazi ya asubuhi moja. Lakini mkono wa Tufail haujui kuandika kitu kikavu. Kila herufi akaivika waridi, katikati akamweka tausi, pembeni akachora ndimi za moto za dhahabu.

Haukupita muda Gulrez akarudi, anatweta.

"Fundi, umenimaliza! Nikisimama tu kunywa chai, watu wanajazana nyuma kushangaa maua yako. Na sigara mdomoni!"

"Si wameipenda kazi?"

"Wataipenda mpaka tulipuke! Nilitaka wakimbie, wewe umewapigia ngoma. Akiwasha mtu kiberiti tena pale, malori yangu yote nayapeleka kwa Shaukat."

Shaukat, fundi wa ng'ambo ya barabara, akakohoa kwa raha.

Kumfuta tausi? Tufail heri akatwe kidole. Akawaza: ni nani ambaye mbele yake hakuna mwanamume anayethubutu kuvuta? Jibu likamjia na jasho. Mama mkwe wake, Bibi Sughra! Tufail mwenyewe alishameza moshi mara ngapi nyuma ya mlango kwa kumwogopa.

Basi juu ya neno akachora macho mawili, nyusi moja imepanda. Macho kwenye lori ni desturi yetu. Hakuna anayeuliza ya nani.

Yakafanya kazi. Wavutaji walisogea, wakayaona, wakazitupa sigara mbali, na mmoja akaomba radhi.

"Malori yote, fundi!" Gulrez akashangilia. "Macho hayohayo!"

Lori la pili lilikuwa bado halijakauka Bibi Sughra alipoingia na bakuli la halwa ya karoti. Akatazama. Nyusi moja ikapanda.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Macho haya nayajua. Ya nani?"

"Asiyafute, mama!" Gulrez, aliyekuwa akilisubiri lori lake, akadakia. "Akiyafuta tu, nahamia ng'ambo!"

Kule ng'ambo Shaukat akaweka brashi chini ili asikie vizuri.

Haya, msomaji wangu, ungekuwa wewe Tufail, ungemjibu nini?