Mkongo kaletewa michembe

Leo mgeni wetu kakaribishwa chakula, na mdomo hana.

Jana nilimwambia Mayu Kabula, mpishi wa chuo chetu hapa Bariadi, kwamba kesho tunapokea mkongo. Nilimaanisha waya wa intaneti wa kutuunganisha na vyuo vyote nchini, tulioungoja miaka.

Yeye akaelewa mtu wa Kongo.

Asubuhi kaja na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. "Yuko wapi?"

Nikamwonyesha uzi wa kioo ukutani, mwembamba kama unywele.

Akautazama kwa huruma. "Safari imemkondesha." Akauinamia, akausalimu Kisukuma. "Mwangaluka."

Nyie mngecheka? Mimi nilishindwa.

Mara kompyuta ikaongea. Mhadhiri, kutoka Dar. "Bariadi, mnanisikia?"

Mayu akasogeza bakuli. "Mwambie ale kwanza."