Haiko

Mama alifariki alfajiri, na mimi niko Mwanza, nimeshika karatasi ya hali ya hewa. Kaka yangu alipiga simu ofisini kwetu kutoka nyumbani, Rumonge, akasema haraka haraka kwa sababu laini ilikuwa inakatika: "Mama ametutoka. Tutamuzika baada ya laasiri. Ukiwahi konvoi ya saa sita, utamukuta." Basi. Hata kulia hakulia, au labda alilia simu ikiwa imekwisha kukatika.

Konvoi ndiyo ilikuwa saa ya kila mtu wakati ule wa vita. Barabara ya kando ya ziwa, kutoka Bujumbura hadi kwetu, haikupitika bila askari mbele na askari nyuma. Magari yalijipanga, yakaondoka saa sita, na aliyechelewa alilala mjini, awe na harusi, awe na msiba. Na sisi siku hiyo tulikuwa na safari ya Bujumbura hiyohiyo, mimi rubani msaidizi, tumepakia sabuni na mbegu za maharage. Nikajiambia, hili Mungu mwenyewe amelipanga. Maziko ya baba niliyakosa kwa sababu ya masomo. Ya mama siyakosi, nitamshusha kaburini kwa mikono yangu.

Saa tano tulikuwa juu ya ziwa, na chini hakuna kinachoonekana, mawingu matupu. Komanda wangu, yaani rubani mkuu, mzee wa Kalemie aliyezeekea hewani, ambaye habari ya msiba nilimpa kabla hatujaruka, alishuka akifuata mishale ya vyombo mpaka kile kimo ambacho sheria inasema: ukifika hapa na uwanja huuoni, usishuke tena, panda uende zako. Hatukuuona. Tukapanda.

Mara ya pili tuliuona. Wallahi tuliuona, mweusi, umelowa, mzuri kama sahani ya wali kwa mtu aliyefunga. Lakini tulikuwa tunaingia kutoka upande wa ziwa, upepo unatusukuma mgongoni, na lami imejaa maji. Kutua hivyo ni kwenda kuishia kwenye mashamba ya mpunga. Ilibidi tuuzunguke uwanja, tukatue kutoka upande wa pili. Na kuzunguka kuna sharti moja lisilo na mjadala: uwanja uuone muda wote. Ukikupotea machoni, hata kwa pumzi moja, unakatisha, unapanda, unaondoka. Mashariki kuna milima, kwa hiyo tulizunguka kwa magharibi, na uwanja ukawa upande wangu, kulia. Komanda, kutoka kiti chake cha kushoto, hakuona kitu. Macho yalikuwa yangu peke yangu.

"Iko?" akauliza.

"Iko."

"Iko?"

"Iko, muzee."

"Iko?"

Kipande cha wingu kilikuwa kimeingia kati yetu na lami. Uwanja haukuwepo. Nikasema, "Iko."

Sijitetei. Nilidhani utatokea tena sasa hivi. Nilimwona mama amelazwa kwenye kile chumba cha mbele, nikaona magari yanajipanga, ulimi ukajisemea wenyewe. Halafu kioo cha upande wangu chote kikawa cheupe, komanda akaanza kulaza bawa ili ageuke.

"Haiko! Muzee, haiko!"

Hakuniuliza kitu. Akasukuma injini mpaka mwisho, akainua pua, akageukia uwanja ulikokuwa, tukapanda ndani ya weupe ule hadi tukatokea juu, kwenye jua. Hapo ndipo aliponiambia, taratibu, bila kunitazama: "Mudogo, ile 'iko' ya mwisho, ilikuwa iko kweli?"

Nikageuza macho kwenye mishale ya vyombo.

"Unataka wakuzike pamoja na mama yako? Aka. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Lo, nilimkasirikia mzee wa watu! Nilikasirikia methali yake. Nilikasirikia wingu, na ile sheria iliyoandikwa na mtu aliyeketi mahali pakavu, ambaye mama yake pengine alikuwa jikoni anampikia. Nilikasirikia vita vilivyomfanya mtu na akili zake aombe ruhusa ya askari kwenda kuzika. Na zaidi ya vyote nilijikasirikia mwenyewe, kwa kusema uongo, na kwa kuacha kuusema. Vyote viwili.

Tulingoja juu ya ziwa, tunazunguka, tunazunguka. Saa sita ilipofika niliitazama saa, nikajua magari yameondoka. Saa sita na nusu mafuta yalibaki ya kutufikisha Kigoma, na komanda akasema twende Kigoma. Nilikuwa nalia, naye alijifanya anasoma ramani.

Njia ya Kigoma ni pwani yetu ileile. Tulipoipita Muhuta mawingu yakaanza kuchanika, maji yakaonekana. "Kwenu si hapo mbele?" komanda akasema. "Tushuke kidogo, umusalimie mama."

Tukashuka juu ya maji, tukapita Rumonge chini chini. Niliyaona mabati ya mtaa wetu, nikauona msikiti, nikaiona michikichi. Nikamsomea mama Fatiha, nikijua bado amelala nyumbani anangoja laasiri. Uchungu ukapungua kidogo. Nikamwambia mzee asante, na nilimaanisha.

Nilifika nyumbani siku ya nne. Kaka alinikalisha mkekani, akanieleza msiba wote. Kumbe laasiri hawakuingoja. Asubuhi ile risasi zilisikika milimani, wazee wakasema tuzike upesi, mara tu baada ya adhuhuri.

"Tuko njiani na jeneza," akasema, "ndege moja ikatoka ziwani, chini chini, inanguruma. Si unajua watu na ndege siku hizi? Wote wakasema imekuja kutupiga. Mbio kwenye michikichi, kila mutu na roho yake. Na mimi nilikimbia. Mama tukamuacha mu matope, peke yake." Sasa alikuwa analia. "Yule mujinga wa rubani, sijui alikuwa anatafuta nini pale. Mungu amulaani."

Akaniangalia, anangoja niitikie.

"Amina," nikasema.