Nusu ya Mtandio Kutoka Nakonde

Nyie wanangu mmenitupa kabisa, hata kuja kunisalimu hamuwezi. Haya, someni.

Mimi na mdogo wangu wa Nakonde tunafuma mtandio mmoja wa matundu, kila mtu nusu yake, halafu tuunge katikati.

Leo bintiye kaniletea nusu ya mama yake. Imepungua shubiri nzima.

Nikamwambia, "Mama yako mvivu tangu utoto."

"Mama mkubwa, mama haoni tena. Hii kaifuma kwa kupapasa."

Nikapitisha vidole. Hakuna tundu lililokosewa.

Kwake ni kuvuka mpaka kwa miguu tu, na mimi sikujua.

Nimefumua yangu shubiri moja, zilingane.

Mkija Jumapili msivue viatu. Nishikeni mkono twende Nakonde, nikaunge mtandio akiwa ameushika.