Punguza, Binti Yangu

Mzee Milango hakuwahi kukubali bei ya kwanza. Alianza na mkokoteni wa mbao za nyumba zilizobomolewa, akaishia na ua uliojaa milango iliyotumika, na huko kote alifikishwa na neno moja tu: punguza. Milango tele ukutani, na hakuna hata mmoja uliobishwa hodi tangu mkewe afariki. Watoto walipiga simu, wakauliza hali, wakakata.

Basi mtu wa kuonana naye alimpata kwa sababu ya kidonda. Kilikaa juu ya kifundo cha mguu na kiligoma kufunga. Kila Jumatatu alikwenda zahanati, akapandisha mguu kwenye stuli. Nesi akafungua bandeji, akaosha kwa maji ya chumvi, kisha akachukua kijiko cha kukwangulia uchafu.

"Punguza, binti yangu. Leo pitia juu juu, wiki ijayo utamalizia."

"Mzee wewe! Hata uchafu wako unataka upunguziwe?"

Nesi akacheka, akampunguzia. Maumivu yakawa mafupi, mazungumzo marefu, na kidonda vile vile. Mzee alijiona amepata.

Mpaka Jumatatu moja daktari alipochungulia, akakunja pua, akasema kikifika mfupani mguu utakatwa. Alipotoka, nesi hakucheka.

"Baba, unauona huu utando unaoteleza? Hii ndiyo nyumba ya bakteria. Dawa inapita juu, wenyewe wamejifunika chini. Nikiuacha nusu, unajijenga upya."

"Sasa, binti yangu..."

"Ngoja nikuulize. Mlango wenye rangi iliyobambuka, unapaka mpya juu yake?"

"Mimi? Thubutu! Nakwangua mpaka mbao ionekane. Ukipaka juu ya uozo..." Akautazama mguu wake.

"Malizia, baba."

"Kwangua."

Nesi akakwangua. Dawa ya ganzi haikufika kote, na Mzee akauma ukingo wa kofia yake, lakini neno lake hakulitoa. Jumatatu zilizofuata hakulitoa pia. Nyama nyekundu ikachipua, ngozi ikaanza kusogea kutoka pembeni.

Siku ya bandeji ya mwisho, nesi alilipapasa kovu kwa kidole. "Kimefunga. Sitaki kukuona hapa tena."

"Wiki ijayo nipitie, ukiangalie kidogo."

"Hapana."

"Basi mwezi ujao. Juu juu tu."

"Hapana, mzee wangu. Foleni ile pale nje, huioni?"

Ilikuwa bei ya kwanza, na haikushuka. Mzee akavaa soksi zote mbili, akarudi kwake. Akachagua mlango mkweche kuliko yote, akaulaza juu ya magogo, akaanza kukwangua. Mguu haukumuuma hata kidogo. Kila alipopumzisha mkono, ua mzima ulikuwa kimya, kwa hiyo hakuupumzisha sana.