Mfuaji na Swali la Mwisho

Lori limeshawaka. Godoro, meza na masufuria ya mwalimu wa hesabu yamefungwa kamba. Amehamishwa, na tayari mguu mmoja uko garini.

"Mwalimu, usiende kwanza."

Ni mfuaji wa hospitali, anatoka zamu, vidole vimenywea kwa sabuni. Wenzake humwita Profesa Povu, na si kwa kumsifu.

Ana miaka arobaini na minne. Hospitali inawasomesha kazi ya maabara wafanyakazi wasiozidi arobaini na mitano, ila lazima wafaulu aljebra. Ameshaanguka mara mbili. Mtihani ni wiki ijayo.

"Mgongo umesema basi," anasema. "Mashuka yakilowa ni mazito kama maiti."

Kinachomshinda ni asimptoti wima: mstari uliosimama ambao mchoro unaukaribia bila kuugusa. Swali ni moja gawanya kwa x kutoa tatu. X ikiwa tatu, chini panabaki sifuri. Kila mara huandika: jibu ni sifuri.

Mwalimu anashuka, amechoka hata kabla ya kuanza. Anatoa chaki mfukoni, anaandika ubavuni mwa lori.

"Sasa hiyo nani ataifuta?" dereva anauliza.

"Huyu hapa, kazi yake kufua." Anamgeukia. "Mama, una ndoo moja ya maji. Unachota kwa kopo linalobeba sehemu ya kumi ya ndoo. Mara ngapi mpaka iishe?"

"Kumi."

"Kopo la sehemu ya mia?"

"Mia. Mkono utang'oka."

"Na kopo lisilobeba kitu?"

Dereva anazima injini.

"Hapo nitachota mpaka nife, na ndoo imejaa vile vile."

"Basi hakuna jibu. Si sifuri. X ikiisogelea tatu kutoka juu yake, mchoro unapaa. Ukitokea upande wa pili?"

"Chini panakuwa hasi. Unazama."

"Chora mstari kwenye tatu, uniache niende."

Kwenye mtihani swali lilitoka. Alilipata, akakosa mengine mengi, akafaulu kwa alama ya chini kabisa inayokubalika. Jioni anasoma maabara, asubuhi bado anafua, maana zamu yake haijapata mtu. Akihitimu, anasema, atafanya kazi amekaa. Mumewe ndiye anayepika siku hizi. Dereva anabeba mizigo. Mwalimu ana darasa kubwa huko alikopelekwa, na simu hapokei sana.