Badala ya Selina

Wakwe walikuja kudai mwanamke mwingine. Mzee Sostenes alikaa sebuleni kwa Isaka, baba yake Selina, pale Kiomboi, akakataa hata uji.

"Isaka, ulitupa kibuyu kitupu. Miaka tisa Enock wangu anakitikisa tu. Una kingine humo ndani."

Enock akacheka kidogo. Selina, mkewe, kibuyu chenyewe, aliyekuwa amerudishwa kwa baba yake mwezi uliopita, alikaa mkekani mbele yao, na hakuna aliyemtazama.

Kingine ni Ritha, mdogo wake, aliyemaliza kidato cha nne juzi juzi. Alikuwa jikoni akipepeta mtama, hana habari.

Isaka akajikuna kidevu. "Undugu haufi, mkwe wangu. Tutazungumza."

Selina akahisi hasira inampanda hadi masikioni. Baba alijua. Selina aliporudi alimweleza yote: hedhi yake ilikatika akiwa bado kijana kwa sababu mayai yalikwisha kabla ya wakati, na daktari alisema hali hiyo huweza kurithiwa. Daktari alipomuuliza kuhusu ukoo, Selina alimtaja shangazi Esta, aliyefukuzwa na mumewe kule Mitundu akiitwa mchawi. Daktari akasema, "Kama una mdogo wa kike, mlete apimwe." Isaka alijibu neno moja: "Nyamaza." Kuna wazazi wanaoita uongo heshima.

Selina akapiga goti mbele ya Sostenes, maana adabu ni adabu.

"Baba mkwe, sikulogwa wala sikumeza vidonge vya kuzuia mimba. Ni hali ya kuzaliwa nayo. Shangazi Esta hakuzaa, na Ritha naye huenda anayo. Na hata kama hana, yeye si jembe, kwamba likivunjika mnaletewa lingine."

"Isaka, ulijua haya?"

Isaka akatazama ukuta. Wageni wakaondoka bila kuaga, Enock akitangulia.

"Umemharibia mdogo wako," Isaka akafoka. "Nani atamwoa sasa?"

"Wewe ulikuwa unamtoa kama fidia."

Ritha alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi. Hakumtazama baba. Alimtazama dada yake.

"Mwezi mzima unajua, dada. Wageni wameambiwa kabla yangu."

"Baba alinikataza."

"Alikukataza kuwaambia watu. Mwili ni wangu."

Ritha akatua ungo, akajifunga kitenge.

"Nipeleke hospitali. Njiani usiniongeleshe."