Picha Iliyotoka Nyeupe

Nyie wajukuu zangu, hata ndama mliyemwacha ameshazaa! Hamna aibu?

Barua hii ananiandikia Neema wa jirani, mimi sikusoma.

Leo amekuja na kamera ya mfukoni, ile inayotema picha hapo hapo. Filamu ilibaki moja. Babu yenu, macho yanamzimikia, akamwambia, "Mpige picha bibi yako, nimwone kwa rangi."

Ikatoka nyeupe pe! Nikajua imeharibika, nikaenda nayo jikoni kuwashia moto.

Neema akaninyang'anya. "Bibi, acha! Baridi tu hii, inataka joto!"

Babu akaiweka kwapani, chini ya blanketi, kama kifaranga.

Kidogo kidogo nikatokea. Kanga nyekundu, pengo wazi.

Akaisogeza mpaka puani. "Mke wangu, bado mzuri."

Jamani, nililia.

Mkija, leteni filamu. Njooni mchana wa jua, msimame karibu na babu yenu, awaone angali anaona.